Jiwe Lililoitwa Watiri

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa hapa Mweiga. Nilikama ng'ombe, nikapeleka maziwa barabarani kwa gari la ushirika, nikarudi kupalilia viazi. Ilikuwa Januari, jua kali, mlima ukionekana wote hadi kileleni. Ndipo ndugu yangu Kingori akaja mbio kutoka nyumba yake iliyo upande wa pili wa ua, simu mkononi, akicheka peke yake kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

"Wamekubali!" akasema. "Jiwe langu sasa liko na jina."

Kingori hufundisha fizikia shule ya upili, lakini moyo wake haukuwahi kukaa chini huku na sisi. Miaka mingi iliyopita, akipekua picha za anga alizotumiwa kwa mtandao, aliona nukta ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Ilikuwa asteroidi, jiwe kubwa linalozunguka jua. Kazi yenyewe inataka subira. Unapiga picha kipande kimoja cha anga, unangoja, unapiga tena. Nyota hukaa mahali pake, na nukta iliyosonga ndiyo jiwe. Ukijua linavyosonga unapiga hesabu ya njia yake, na kuanzia hapo unaweza kusema jioni yoyote litaonekana upande gani wa mbingu. Njia ikithibitishwa, aliyeligundua hupendekeza jina.

"Umeliita nani?" nikauliza.

"Watiri."

Nilisimama na jembe mkononi.

Watiri alikuwa nyanya yetu, mama wa Baba. Sikumjua. Ng'ombe wa majirani walikufa kwa kufuatana, kisha mtoto mmoja akavimba tumbo, na watu wakasema Watiri ni mrogi. Walimfuata mtoni wakamuua kwa mawe. Mama aliniambia siri hii akiwa karibu kufa: jiwe la kwanza lilirushwa na Mugo, mwana wake Watiri. Baba yangu. Aliogopa wangesema uchawi uko damuni, akajitakasa kwa damu ya mama yake.

Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na hivyo nyanya hurudi nyumbani. Baba yake humwita "maitu", yaani mama yangu. Wenzangu shuleni waliozaliwa wa kwanza walikuwa maitu kwa baba zao. Mimi nilizaliwa wa kwanza na nilipaswa kuitwa Watiri. Baba akakataa. Nikapewa jina la upande wa mama, Wakiuru, na maisha yangu yote Baba ameniita "wewe". Wewe, leta maji. Wewe, funga ng'ombe. Nimezeeka nikiitwa wewe, na sitasema uongo kwamba nilizoea.

"Shiro amepoteza mimba mbili," Kingori akaeleza, sauti chini. Shiro ni mke wake, na wakati huo alikuwa na mimba ya tatu, tumbo limeshaonekana. "Watu wanasema ni hilo jina linazurura, halina mtu. Baba hawezi kubali mtoto aitwe hivyo. Sasa liko na mahali pa kukaa. Tena mbali sana, hakuna mtu litasumbua."

Hii ndiyo elimu yake! Alidhani deni la marehemu hulipwa kwa njia ya mkato. Mwanamke aliuawa kwa mawe, na mjukuu wake msomi akaona heshima inayomfaa ni kumfanya jiwe.

Baba alipoambiwa alicheka hadi akakohoa. "Jiwe? Heri jiwe. Huko juu hawezi kula mtu."

Nilimtazama nikatamani kumtemea mate.

Mwezi uliofuata jiwe lilitarajiwa kupita karibu na dunia. Karibu kwa hesabu za kina Kingori, maana hata mwezi ungekuwa jirani zaidi. Kingori aliweka darubini yake nyuma ya zizi, akaifungia kamera, na kila jioni baada ya jua kuzama alifuatilia nukta yake. Siku za kwanza ilisonga kama alivyohesabu, naye akapiga mluzi.

Kisha jioni moja nikiwa nakama, mluzi ukakatika. Nilimkuta ameinamia tarakilishi.

"Haijasonga," akanong'ona.

Alibadilisha kamera. Akapiga picha tena. Akampigia Najib, rafiki yake wa Nanyuki, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye naye ana darubini na hufuatilia mawe hayohayo.

"Huku kwangu imesonga vizuri, Mwalimu," Najib akasema. "Iko pale hesabu inasema. Angalia mashine yako."

Mashine haikuwa na kasoro. Jioni ya pili nukta ilikuwa palepale, ila iling'aa zaidi. Ya tatu, zaidi. Ulimwengu mzima uliliona jiwe likipita zake. Ni katika ua wetu tu lilipokuwa limesimama.

"Kwani likisimama kuna nini?" nikamuuliza.

Kingori aliinua macho angani. "Kitu kinapita kando yako, utakiona kikisonga. Ukiona kimesimama na kinazidi kung'aa..."

"Sema."

"Kinakuja kwako."

Usiku ulikuwa haujaingia vizuri Shiro alipotokea mlangoni, mikono yote miwili tumboni.

"Wakiuru," akaniita. "Mtoto hachezi."

Tulimpeleka hospitali Nyeri asubuhi. Moyo wa mtoto ulisikika, wakatuambia tusiwe na hofu, na mchana kutwa mtoto akacheza. Jioni nukta ilipotokea, akatulia tena. Kila jioni alitulia kwa muda mrefu kuliko jana. Shiro aliacha kulia. Alikaa tu akihesabu pumzi zake, na mimi nilijua mtoto huyu wa tatu naye anatutoka.

Ng'ombe walikataa kuachia maziwa. Ile nukta sasa ilionekana kwa macho, nyeupe, juu kabisa ya paa la nyumba ya Baba.

Nikaenda kwake. Alikuwa ameketi karibu na moto, blanketi mabegani.

"Baba, umeona kile kitu nje?"

"Ni nyota."

"Ni mama yako. Anataka jina lake liitwe nyumbani, na wewe ndiwe uliyelifungia nje. Hujachelewa. Mimi ndiye binti yako wa kwanza. Niite Watiri, mbele ya Kingori na Shiro. Mara moja tu."

Alitazama moto.

"Baba, mtoto wa Kingori anakufa!"

"Mimi siko na mtoto wa hilo jina hapa," akasema.

Nilipiga magoti. Mimi, mwanamke mwenye mvi, nilimpigia magoti nikimwomba jina langu mwenyewe. Hakunigeukia. Nikaondoka nikilia kwa hasira, na Mungu anisamehe, nilimwombea mabaya.

Jioni iliyofuata hakukuwa na upepo. Shiro alilala kitandani, mtoto kimya tangu alasiri. Nilitoka nje nikasimama uani. Sikuona nukta juu ya paa. Nikatafuta. Haikuwepo.

Ila ua ulikuwa na mwanga.

Ulitoka nyuma yangu, upande wa viazi. Mweupe. Baridi. Kivuli changu kilinyooka hadi mlangoni kwa Baba. Kando yake kulikuwa na kivuli kingine. Kifupi. Kimeinama.

Sikugeuka.

Mlango ukafunguka. Baba akatoka bila fimbo. Uso wake ulikuwa wa kijana mwenye hofu.

"Maitu," akanong'ona.

Nilidhani ananiita mimi. Nakuapia, moyo wangu uliruka. Nikafungua mdomo niitike. Lakini macho yake yalikuwa yakitazama nyuma yangu. Alinipita karibu sana, bega lake likagusa langu. Hakuniona.

Nikasikia nyayo zake kwenye viazi. Zikakoma.

Ndani ya nyumba Shiro akapiga yowe. "Anacheza! Kingori, mtoto anacheza!"

Nilipogeuka, giza lilikuwa limerudi. Baba alikuwa amepiga magoti katikati ya shamba, mikono imefunika kichwa. Alikuwa amekufa. Mwili haukuwa na jeraha hata moja, na daktari aliandika moyo. Lakini mikono ilikataa kunyooka. Tulimzika hivyo, akijikinga. Siku hiyohiyo Kingori alilipata jiwe lake mahali hesabu ilipotaka, likienda zake.

Shiro alijifungua mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti ya fahali. Mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Huyu ni Mugo, hakuna mjadala.

Lakini kabla hatujamwita, Najib alituma picha. Nyuma ya Watiri kuna nukta ya pili. Ni ndogo, nayo inafuata njia ileile, hatua kwa hatua. Haimo katika picha yoyote ya zamani. Wengine ulimwenguni wameiona pia, na hakuna anayejua ilitoka wapi.

Kingori alikuja kwangu, maana sasa mimi ndiye mkubwa wa boma. "Tumpe mtoto jina la Baba," akasema. "Tafadhali. Bila wewe siwezi."

Nilikumbuka magoti yangu kwenye udongo wa nyumba ile. Nikamwambia, "Mimi siko na mtoto wa hilo jina hapa." Yalinitoka kwa urahisi ulionitisha. Yalikuwa matamu.

Mtoto bado hana jina. Jana baada ya jua kuzama Kingori aliniita nyuma ya zizi. Alinionyesha picha mbili alizopiga. Watiri amesonga. Nukta ya pili imesimama.

Nimeketi sasa kando ya kitanda cha Shiro. Mtoto hanyonyi wala halii. Ametazama bati, macho wazi. Kingori amepiga magoti mbele yangu ananishika miguu. Anataka neno moja tu. Nalijua, ni jepesi, hata mtoto mdogo angelitamka. Nafungua mdomo, na kooni mwangu mna jiwe.