Kigingi cha Njia ya Ziwani

Gasper alikutwa amelala kifudifudi katikati ya njia aliyokuwa akiipigania, kisogo kimevunjika, nyundo yake mwenyewe kando ya bega. Wanawake waliokuwa wakiteremka Ziwa Rukwa kununua samaki ndio waliomwona. Walimfunika kwa khanga, kisha mmoja akapiga simu kituo cha Mkwajuni.

Inspekta Atuganile alifika jua likiwa limeshakuwa kali. Alifunua khanga, akatazama, akafunika. Zamani maiti ilimnyima usingizi wiki nzima. Siku hizi hakusikia kitu, kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi, na hilo ndilo lililomsikitisha, tena kidogo tu.

"Pigo moja," alisema daktari wa wilaya. "Kitu kizito, butu. Nadhani ni nyundo hiyo hiyo. Jana jioni."

"Alipambana?"

"Mikono haina mchubuko. Alikuwa ameinama."

Koplo Eliakim alikuwa na jawabu tayari. Eliakim hakosi jawabu. Marehemu alikuwa mtumishi wa asasi ya hisani yenye ofisi Tunduma, iliyojipa kazi ya kulinda njia za miguu: za kwenda ufukweni, chemchemini na malishoni, zile ambazo kila mtu anazipita na hakuna anayezimiliki. Mashamba yalikuwa yakizimeza, machimbo yakizikata. Gasper alizitafuta, akakaa na wenye mashamba mpaka wakakubali, kisha akapigilia vigingi vyeupe. Mtu wa kazi hiyo hakosi maadui.

"Ni Lucky, afande," alisema Koplo. "Mchimbaji. Alichimba shimo la dhahabu juu ya njia, asasi ikamwondoa. Akang'oa vigingi, akaapa mbele ya watu."

Lucky aliletwa kutoka Saza, vumbi la mawe bado limo kwenye kope.

"Ulimtishia Gasper?"

"Nilimtishia. Hasira tu, afande."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwenye karasha, nasaga mawe. Waulize wana, tulikuwa wote."

Waliulizwa. Walisema hivyo hivyo, hata yule aliyekuwa hapatani naye.

Inspekta akarudi njiani na kuifuata upya tangu juu. Mahali pamoja Gasper alikuwa ameipindisha kukwepa mti wenye mzinga wa nyuki wa mtu. Chini zaidi, njia ikiteremka, kulikuwa na mashimo ya vigingi alivyong'oa Lucky, yako wazi, yamejaa siafu. Kigingi cha mwisho kilikuwa kimetupwa kichakani, kwenye pembe ya shamba la mkulima aitwaye Shadrack, hatua chache kutoka alipoangukia marehemu.

Lakini shimo lake lilikuwa limefukiwa. Udongo ulikuwa umeshindiliwa kwa viganja, alama za vidole bado zinaonekana, na juu yake mtu amerudishia majani makavu. Mwenye hasira hung'oa akaenda zake. Huyu ameua, halafu amepiga magoti.

Inspekta akaondoa jani moja. Kilichungulia kigae cha chungu, mvunjiko wake mpya.

"Tuchimbe, afande?" Koplo alishashika sepeto. "Huenda kaficha kitu."

"Usiguse hapo."

"Lakini ni ushahidi."

"Nimesema usiguse, Eliakim."

Alirudisha jani mahali pake.

Shadrack walimkuta kwenye kivuli cha ghala lake, mzee mpole aliyevua kofia kabla ya kusalimia.

"Ulikubali njia ipite shambani kwako?"

"Nilikubali, mwanangu. Ndiyo njia ya babu zetu. Jana mchana nilimwonyesha Gasper pembe mwenyewe, nikamwambia piga hapa."

"Mna watoto?"

"Mungu hajatujalia."

"Mkeo hajawahi kujifungua kabisa?"

Mzee aliizungusha kofia mikononi. "Mara mbili. Hawakulia. Wanawake waliwachukua wakaenda kuwalaza. Sisi wanaume hatuonyeshwi mahali, wala hatuulizi. Niliambiwa tu yamekwisha."

Mkewe alikuwa uani akipukuchua mahindi. Hakunyanyuka, alimsogezea Inspekta kigoda.

"Karibu, afande."

"Asante, mama. Nikuite mama nani?"

"Felista tu."

Atuganile alikaa. Akachukua hindi, na yeye akapukuchua.

"Pale mahali hapajachimbwa," alisema. "Nimewakataza."

Mikono ya Felista ikasimama. "Umepajua?"

"Niliona kigae. Nilimsindikiza bibi yangu mara moja kwenda kuwalaza wasiolia, nikiwa kigori. Naye aliwafunika kwa chungu, akasawazisha udongo, usibaki mwinuko."

"Basi unajua."

"Niambie ya jana."

Felista alisimulia bila kupandisha sauti wala kuishusha. "Nilimkuta ameshakipigilia. Nikamwambia, baba, sogeza kidogo. Akasema mzee ndiye kamwonyesha. Nikamwambia sogeza. Akacheka, si kwa ubaya, akaniuliza, mama, hapa kuna nini cha kukimbia? Akaweka nyundo chini, akainama kukikandamiza kwa uzito wake. Nikasikia chungu kinavunjika. Nikaokota nyundo."

"Ulikusudia afe?"

"Nilikusudia aache."

"Kwa nini hukumwambia? Njia ile ile ameipindisha kwa ajili ya mzinga wa nyuki."

"Ningemwambiaje mwanaume? Hata baba mwenye nyumba hapajui. Watu wote wa ziwani wangepita juu yao, afande, na ndoo na baiskeli."

Kituoni Inspekta alimpa onyo la kisheria, kisha akaweka kalamu mezani.

"Felista, sikiliza. Ukisema ulivyoniambia, jaji anaweza kuona hukukusudia kuua. Ukisema mlikuwa mkigombea shamba, hayo ni mauaji, na adhabu yake ni kitanzi. Nimeeleweka?"

"Yatasomwa mbele za watu?"

"Yatasomwa."

"Na Shadrack atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Basi andika shamba."

"Fikiri kwanza, dada."

"Nimefikiri. Mahali pakijulikana, ndiyo wamekufa mara ya pili. Andika shamba."

Maelezo ni ya anayeyatoa. Atuganile aliandika shamba. Ganzi ile aliyokuwa akiilaumu ndiyo iliyomfikisha mstari wa mwisho, na Felista akaweka dole gumba chini yake bila kusita.

Baada ya mazishi ya Gasper alikuja Brenda, katibu wa asasi, macho mekundu kwa kilio na safari. Alitaka polisi waruhusu asasi imalizie njia na kuipa jina la marehemu.

"Malizieni," alisema Inspekta.

"Na kigingi cha mwisho? Tukirudishe pale pale?"

"Hapana. Kwenye ile pembe ipindisheni. Mpite mbali, upande wa mawe."

"Kuna nini pale?"

"Ipindisheni tu, dada yangu."

Brenda alisubiri sababu, akaona haiji. "Sawa," alisema. "Kwetu si kitu. Kupindisha njia ni kazi ya nusu saa. Gasper mwenyewe alikuwa haulizi sana. Ukimwambia hapa pana kitu cha mtu, anahama."

"Najua," alisema Inspekta.

Hapo ganzi ikamtoka, mbele ya mgeni, mbele ya Koplo Eliakim aliyekuwa akileta chai. Atuganile alilaza kichwa juu ya meza akalia, na hakuna aliyejua analia nini.