Mbuzi wa Nyuma ya Nyumba

Mambo yaliharibika Jumatatu ya kwanza baada ya shule kufunguliwa. Alfajiri ile Redio aliamka kama kawaida, akafagia ua, akakamua mbuzi na kumpelekea baba yake kikombe cha maziwa kikiwa bado na povu. Baba, fundi viatu aliyejulikana mtaa mzima kwa mkono mzito na ulimi mkali, hakukigusa. Alikuwa amelala chali, shuka limelowa jasho, akilalamika kwamba mgongo unamkatika.

Redio lilikuwa jina la utani. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakujua kunyamaza. Habari ikimwingia sikio moja, mtaa wote unaipata kabla ya chai. Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo hata yeye hakulitangaza: mbuzi watatu waliofungwa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Baraza la mji lilikuwa limepiga marufuku kufuga mjini, na askari wake walipita na gari kukamata wanyama. Waliochukuliwa hawakurudi.

"Mtu akikuuliza, hatufugi," baba alikuwa amemwonya. "Hata akiwa mwalimu."

Kwenye kituo cha afya walikaa kwenye benchi mpaka jua likawa la utosi. Tabibu aliyewapokea hakuinua uso. Alisikia neno homa, akaandika dawa za malaria, ingawa kipimo kilionyesha kwamba malaria haipo. Homa ikashuka, kisha ikarudi. Safari ya pili wakaambiwa ni homa ya matumbo, wakapewa vidonge vingine. Ikashuka tena, ikarudi tena, na sasa magoti nayo yakauma. Baba alikonda mpaka mkanda wake ukahitaji tundu jipya, akalitoboa mwenyewe kwa msharasi wa kazini.

"Hawa hawatibu, wanabahatisha," alisema. "Mama yako aliingia pale kwa miguu yake."

Hakumalizia, wala hapakuwa na haja. Redio alikumbuka vizuri jinsi mama alivyotoka.

Safari ya tatu walimkuta daktari mpya, mwanamke mwenye sauti ya chini na maswali mengi. Aliuliza kuhusu maji wanayokunywa, akauliza kama wanalala kwenye chandarua. Kisha akauliza, "Mnafuga wanyama nyumbani?"

"Hatufugi," baba akajibu, haraka kama mtu anayefunga mlango.

Daktari akamgeukia Redio. Baba naye akamgeukia. Redio akatikisa kichwa.

Wakati wa kurudi baba alimwegemea begani, akisimama kupumzika karibu kila duka. Redio alikuwa na hasira na kila mtu: yule tabibu asiyeinua uso, baraza na gari lao, hata mbuzi wenyewe. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe kwa kile kichwa alichokitikisa.

Asubuhi iliyofuata baba hakuweza kusimama. Redio alivaa sare, akapita lango la shule bila kugeuka, akaenda moja kwa moja kituoni. Mlinzi akamwambia watoto hawaingii peke yao, akamlete mzazi kwanza.

"Mzazi mwenyewe hawezi kusimama, mjomba," Redio akasema, na machozi yakamtoka. Mlinzi akasogea pembeni.

Alipomfikia daktari, maneno yalimwagika. "Jana nilikudanganya. Tunao mbuzi. Mmoja aliharibu mimba kipindi cha likizo, baba akamvuta mtoto aliyekufa kwa mikono mitupu. Na maziwa anayanywa hivyo hivyo, hayachemshwi. Mimi siyanywi, yananichefua."

Daktari akaweka kalamu chini. Alimweleza kwamba upo ugonjwa unaoitwa bruselosi, unaoletwa na bakteria wanaokaa ndani ya mbuzi, ng'ombe na kondoo. Mnyama huharibu mimba. Binadamu huambukizwa kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama bila glavu. Homa yake huja na kuondoka, kwa hiyo watu huiita malaria.

"Basi mpime leo," Redio akasema.

Hapo napo pakawa na ukuta. Kipimo hicho kituoni hapakuwa nacho. Kiliagizwa tangu mwaka uliopita na waliotakiwa kukileta walikuwa wakisema kesho. Daktari alikwenda mwenyewe kumtoa baba damu, akaituma kwa pikipiki hospitali kubwa, ndani ya kisanduku cha barafu. Baba alipoelewa nani amesema, aligeukia ukuta.

"Redio imewashwa," akasema, kisha akamnunia mpaka majibu yalipokuja.

Ilikuwa bruselosi. Akapewa dawa za aina mbili, na onyo kwamba azimeze wiki sita bila kuruka hata akijisikia mzima. Bwana mifugo, rafiki wa daktari, alipima mbuzi kimyakimya. Yule aliyeharibu mimba alikutwa na ugonjwa, akaondolewa. Wawili wazima wakapelekwa kwa shangazi, nje ya mji. Jasho la baba likakauka. Siku moja nyundo ikasikika tena barazani.

Daktari alipokuja kumtazama, alimkuta fundi na kiatu mapajani.

"Fundi, mteja akikuficha palipochanika, utashona wapi?" akamuuliza. Kisha akamgeukia Redio. "Maziwa yachemke mpaka yapande, na mnyama anayezaa asiguswe kwa mikono mitupu. Na anayekutibu mwambie kweli, mwanangu. Kama jana ulidanganya, rudi leo useme, kama ulivyofanya."

"Nilificha, nakubali," baba akasema, akimvuta Redio karibu yake. "Huyu ameniokoa na ukaidi wangu. Lakini yule tabibu wa kwanza hata kuuliza hakuuliza, na hao waliotufanya tufiche wanalala usingizi mzuri."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Redio alikuwa akifikiri.

"Daktari, mtaa huu wote una mbuzi," akasema. "Watu wakisema, watanyang'anywa. Wasiposema, wataugua. Sasa waseme kwa nani?"