Jina la Arobaini na Mbili

Ijumaa tarehe mosi Novemba, saa kumi kamili jioni, Torbjörn Ek alifunga mlango wa kanisa kuu la Almvik akaenda nyumbani. Ndani alikuwa amebaki mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Solveig Rehnberg, miaka sitini na tisa, aliyepeleka barua mjini kwetu kwa miaka thelathini. Alikuwa jirani yangu wa ghorofa ya juu. Yaliyompata alinisimulia mwenyewe jikoni kwangu jioni ileile. Nimefanya kazi ya gazeti maisha yangu yote, kwa hiyo niliandika akiwa bado anazungumza.

Mchana alikuwa amepita mlangoni kwangu na boksi la mishumaa.

"Birger, saa saba hii na bado umevaa pajama? Watu watadhani umekufa. Nikuongezee mshumaa?"

"Ongeza. Ila jina uliandike vizuri."

"Mwandiko wangu haujawahi kupoteza barua."

Kila mwaka, Jumamosi ya Watakatifu Wote, mchungaji husoma majina ya waliofariki mjini tangu Novemba iliyopita. Kila jina lina mshumaa wake, na chini ya mshumaa kuna karatasi yenye jina hilo. Jina likisomwa, ndugu wa marehemu husimama. Torbjörn, mtunza kanisa, akishamwona aliyesimama ndipo hugonga kengele, kisha linafuata jina jingine. Mwaka ule majina yalikuwa arobaini na moja. La kumi na saba lilikuwa la Arvid, mume wa Solveig.

Solveig alipanga mishumaa yote, akaketi nyuma ya nguzo ya kaskazini kupumzika. Kifaa chake cha kusikia kilikuwa kinapiga mluzi, kama kawaida yake kwenye kuta za mawe, akakitoa akakitia mfukoni mwa sketi. Torbjörn alipopita kufunga alisema "tunafunga" kwa kunong'ona. Amekuwa akinong'ona hivyo kwa miaka kumi na mitano. Ni mtu ambaye heri amfungie mwenzake ndani kuliko kupaza sauti kanisani.

Solveig alipoinuka, milango yote ilikuwa imefungwa. Koti lake, lenye simu, lilikuwa sakristia, chumba cha mchungaji, nako kumefungwa. Aligonga mlango mpaka mikono ikamuuma. Nje watu walikuwa wakipita kwenda kuwasha taa makaburini. Baadaye wawili waliniambia walisikia kugonga. Walidhani ni mafundi, hawakutaka kuwasumbua.

Akarudi kwenye benchi. Saa kumi na moja giza lilikuwa limeshaingia.

Kwanza ukawaka mshumaa mmoja. Hakuna aliyeuwasha.

Kisha sauti ya mwanamume, kutoka nyuma ya madhabahu, ikasoma jina la kwanza kwenye orodha. Polepole. Benchi la mbele likalia, kama linavyolia mtu anapoinuka. Hakuona mtu.

Jina la pili. Mshumaa wa pili. Benchi jingine.

Alisikia kila neno. Kifaa kilikuwa bado mfukoni.

Jina la kumi na saba lilikuwa Arvid Rehnberg. Solveig akasimama.

"Sikufikiri, Birger," aliniambia. "Jina la mume wako likisomwa, unasimama. Ni mazoea tu."

Sauti ikanyamaza. Mabenchi yote yakalia kwa pamoja. Alijua mlio ule. Ni mlio wa watu wanaogeuka kutazama nyuma.

Sauti ikaruka majina yaliyobaki yote. Ikasoma: "Solveig Rehnberg."

Ikasubiri.

Kando yake palinuka ugoro, ule wa Arvid, wa chini ya mdomo.

"Kaa," mtu akanong'ona.

Akakaa.

"Jina lako hulisimamii wewe. Anasimama ndugu yako. Asiposimama mtu, hawawezi kugonga kengele."

"Arvid?"

"Mwanetu Ylva yuko wapi?"

"Göteborg. Anakuja kesho."

"Asije."

Sauti ikasoma tena jina lake. Ikasubiri. Ikasoma tena. Aliacha kuhesabu ilipopita mara sitini. Hakuthubutu kusogeza hata mguu, akiogopa benchi lake lisije likalia.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, Torbjörn alirudi kuwasha mitambo ya joto kwa ajili ya ibada ya kesho. Alimkuta amekaa gizani, ameshika benchi kwa mikono miwili.

"Solveig! Mbona hukutoka? Nilisema tunafunga."

"Ulimwambia nani, panya?"

Taa zilipowashwa, mishumaa yote ilikuwa mipya, tambi nyeupe. Lakini karatasi zilikuwa arobaini na mbili. Ya mwisho ilikuwa na jina lake, kwa mwandiko wake.

Aliichoma kwenye sinki langu. Kisha akaniambia nimpigie Ylva, bintiye wa pekee.

"Mimi atasema mama ameanza kuchanganyikiwa. Wewe atakuamini."

"Nimwambie nini?"

"Ibada imeahirishwa. Danganya! Si kazi yako hiyo?"

Nilipiga mara nne usiku ule na mara tatu asubuhi, nikaacha ujumbe. Ylva hakupokea. Tukakubaliana: Solveig abaki nyumbani, afunge mlango. Mimi niende kanisani, nikae karibu na mlango wa kaskazini ambao kila mtu hupitia, nimzuie Ylva akitokea.

"Asisimame," alisema. "Hata kama itabidi umkalie."

Ibada ilianza saa kumi na mbili jioni. Mchungaji Ingegerd Falk alisoma. Watu walisimama, kengele ikagongwa, watu wakaketi. Lilipofika jina la Arvid nilisimama mimi, kama Solveig alivyoniomba. Sikutoa macho mlangoni. Ylva hakuingia.

Jambo moja nililisahau, nami nimezaliwa Almvik. Kwetu anayechelewa ibada hapiti mbele za watu. Anazunguka, anaingia kwa mlango mdogo wa kusini.

Mchungaji alisoma jina la arobaini na moja, kengele ikagongwa, akafunga faili lake. Kanisa likawa kimya. Kisha, nyuma ya nguzo ya kusini, mwanamke mwenye koti la mvua akasimama.

Nilipiga kelele. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupaza sauti mle ndani.

Torbjörn alikuwa ameshamwona aliyesimama. Akagonga kengele. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na sita.

"Amesoma jina la baba," Ylva alisema nilipomfikia. "Nimelisikia wazi. Mbona mnanitazama hivyo?"

Tulikimbia. Mlango wa Solveig ulikuwa umefungwa kwa ndani, tukatumia ufunguo wa Ylva. Alikuwa ameketi mezani jikoni, mikono miwili imeshika kiti. Kahawa ilikuwa bado ya moto. Kifaa cha kusikia kilikuwa mezani, kando ya kikombe.

Daktari aliandika moyo. Saa aliyokadiria ni kati ya kumi na mbili na nusu na kumi na mbili na dakika hamsini.

Ibada ile ilirekodiwa. Nimeisikiliza mara nne. Mchungaji anafunga faili. Sekunde kumi na moja za kimya. Benchi moja linalia, la Ylva. Sauti yangu. Kengele. Halafu mabenchi mengi yanalia kwa pamoja, kama watu wanaoketi. Wakati huo sote tulikuwa tumeshaketi, isipokuwa Ylva na mimi.

Jumapili saa mbili asubuhi Torbjörn alinipigia simu, nikaenda. Tulihesabu mishumaa, kila mtu peke yake, kisha tukalinganisha. Iliyoungua hadi chini ilikuwa arobaini na miwili. Karatasi ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa Solveig. Kingo zake zilikuwa zimeungua.