Orodha ya Watakaobaki Gatini

Walikutana kwenye foleni ya tiketi za kivuko, Jumamosi asubuhi, watu wamebanana na mizigo yao hadi dirishani. Mchora ramani wa ofisi ya ardhi, shati lake la samawati limenyooka kwa pasi, alikuwa akimhoji karani robo saa nzima juu ya nauli ya watu ishirini.

"Kaka, unanunua tiketi au unanunua kivuko chenyewe?"

Akageuka. Mwanamke wa gauni la kijani alikuwa amemkazia macho, furushi la ngozi begani, kwa maana alikuwa fundi viatu. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa na soli nene ya vidole vinne, kwani mguu huo ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa.

"Niwie radhi, dada. Wenzangu wa ofisini wanataka kupanda kilima cha kisiwani na kurudi siku hiyo hiyo. Karibu twende."

"Unanikaribisha na jina langu hulijui?"

"Nitalijua njiani."

Kwa miezi miwili simu zao hazikupoa. Mwanamke alimwita mchora ramani Bwana Ramani. Naye akaitwa Fundi wangu.

Alhamisi moja, fundi alipeleka viatu vya mteja katika ofisi ile, akaiona orodha ya safari ukutani. Watu ishirini walikuwa wa kupanda kilima. Chini yao palipigwa mstari na kuandikwa: Watakaobaki gatini kulinda mizigo. Hapo palikuwa na jina moja tu, lake.

Alipiga simu akiwa bado ngazini.

"Bwana Ramani, ulinzi nimeanza lini?"

"Mpenzi, nisikilize. Nilikwenda kwa kaka yako kuulizia habari za posa. Akaniambia kilima kitakuumiza, nisikuruhusu."

"Posa ukampelekea kaka, na mguu ukamwuliza kaka. Basi mwoe kaka!"

Akakata simu. Jioni kaka yake alimfuata karakanani. "Mdogo wangu, acha ukaidi. Ukianguka mbele za watu, aibu ni yetu sote."

"Aibu yako ibebe mwenyewe, kaka. Mimi nina mguu wa kubeba."

Jumapili alipanda kivuko cha kwanza peke yake. Kilima kilikuwa cha mawe makali na jua lisilo na huruma. Alipumzika mara tatu, kisigino kikachubuka, naye akamtukana mchora ramani kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia. Kila kona aliandika saa kwa chaki yake ya kazi juu ya ukanda wa ngozi. Alifika kileleni. Aliporudi chini alikiwahi kivuko cha mwisho, mlango wake ukiwa umeanza kuinuliwa.

Jumanne wapanda kilima walikutana ofisini. Mchora ramani alikuwa akieleza: "Tunavuka daraja la mto saa tano, kisha—"

"Daraja halipo." Fundi alisimama mlangoni, soli nene bado ina tope. "Limesombwa na maji. Zimebaki nguzo mbili. Lazima mzunguke, na mzunguko huo ni saa moja na nusu. Kwa mpango huu mtakiona kivuko cha mwisho kikiwapa mgongo."

"Mama yangu!" akasema mhasibu. "Tungelala na kaa!"

Ukanda wa ngozi ulitua juu ya ramani. Mchora ramani aliusoma kona kwa kona.

"Ramani yangu ni ya miaka tisa," alisema mwishowe. "Niliamini karatasi."

"Na kaka. Ila hukutembea, wala hukuniuliza."

Mchora ramani alichukua kalamu, akalikata jina la fundi chini ya mstari, akaandika lake mwenyewe.

"Futa," fundi akasema. "Utapanda, nyuma yangu, na mizigo utabeba wewe."

Wiki iliyofuata watu wote ishirini walimfuata kwa mwendo wake, na hakuna aliyethubutu kumpita. Kileleni mchora ramani, amelowa jasho, mabegi mawili mgongoni, alimsogelea.

"Fundi wangu, safari hii nakuuliza wewe. Utanikubali?"

Fundi alitazama saa yake. "Jibu utalipata gatini. Twende, kivuko hakingoji posa."

Walifika zikisalia dakika ishirini. Fundi aliketi juu ya rundo la mizigo, akavua kiatu cha kushoto, akakung'uta mchanga.

"Nimekubali," alisema. "Na orodha za nyumba yetu nitaziandika mimi."