Kitufe cha Koko

Upepo wa Kitengela ulikuwa ukipuliza vumbi, lakini Koko, yaani nyanya kwa Kimaa, aliketi nje. Purity, mke wa mwanawe, alimwita kutoka mlangoni.

"Koko, ingia ndani. Utapata kikohozi."

"Siingii. Kile kitu kinasikiliza."

Kile kitu kilikuwa kisanduku kidogo chenye vitufe. Kiliwekwa chini ya runinga wiki mbili zilizopita. Saning'o, mume wa Purity, ndiye aliyekubali kiwekwe. Hakumweleza mtu vizuri. Alisema tu, "Ni cha kuhesabu." Basi mama yake akaogopa. Alikifunika kwa shuka na kukataza mtu yeyote asiguse vitufe. Watu walianza kunong'ona ndani ya nyumba yao wenyewe.

Sasa Koko alitaka kurudi kwake, Kajiado mjini, na bado alikuwa amebakisha kliniki mbili za goti.

"Ukienda sasa, hilo goti litapona aje?" Saning'o alimwuliza.

"Afadhali goti mbaya kuliko nyumba inanichungulia."

Mchana huo alikuja Lorine, mfanyakazi wa kampuni ya utafiti iliyoweka kisanduku.

"Takwenya, Koko," alisalimu kwa Kimaa, kwa heshima.

"Iko," Koko alijibu bila kumtazama.

"Hesabu ya hapa imenishangaza," Lorine alisema. "Tivi inawaka kutwa nzima, lakini hakuna mtu anayeitazama."

"Tunaitazama," Purity alisema. "Ni vile hatubonyezi."

Koko aliuliza waziwazi, "Inatupiga picha?"

Lorine aliingia ndani, akatoa shuka, akamletea Koko kisanduku akishike. "Hapana, Koko. Haina kamera. Hairekodi maneno yenu. Inajua tivi iko stesheni gani, na nani amebonyeza kitufe chake. Basi."

"Si mtuulize tu kwa mdomo?"

"Zamani tuliuliza. Wakati wa antena, stesheni zilikuwa chache. Mtu alikumbuka. Siku hizi king'amuzi kinaleta stesheni nyingi sana. Jana uliona gani?"

Koko alifikiri. "Ile ya ng'ombe. Wanaongea Kimaa."

"Inaitwa aje?"

"Jina sijui. Huwa wananiwekea."

"Umeona? Ukisahau jina, itaonekana haina watu. Na wenye stesheni wanaangalia hesabu hizi wakiamua kipindi gani kiendelee. Nyumba chache huhesabiwa kwa niaba ya nyumba nyingi."

Saning'o alishika kichwa. "Kumbe mama hajahesabiwa hata siku moja!"

"Ukiketi kutazama, bonyeza kitufe chako," Lorine alieleza. "Ukiondoka, bonyeza tena. Mgeni pia ana chake. Na mkikichoka, nipigieni simu nije nikitoe. Si lazima."

"Hata leo naweza kukataa?" Koko aliuliza.

"Hata sasa hivi."

Koko alivuta pumzi ndefu. Mabega yake yalishuka. "Basi kikae. Changu ni kipi?"

Jioni hiyo Koko aliketi ndani. Alimgombeza Saning'o kwa sauti kubwa kwa kukubali jambo la nyumba nzima bila kuuliza mtu. Purity alicheka hadi machozi. Ilikuwa raha kusikia kelele tena.

Koko alimaliza kliniki zake zote. Siku moja Lorine alipiga simu kuwashukuru, maana hesabu sasa zilikuwa sawa. Koko aliomba simu.

"Waambie wenye stesheni kile kipindi cha ng'ombe nakiona," alisema. "Lakini yule mtangazaji aongee polepole. Na mbuzi anaoonyesha wamekonda!"