Sauti Iliyosafishwa

Siku hiyo Elimringi alisimama katikati ya Mtaa wa Kongo, hedifoni masikioni, kipaza sauti mkononi, akirekodi kelele za Kariakoo. Watu walimpiga vikumbo, yeye katulia tuli.

"Wewe kaka, unanirekodi?" Alikuwa binti wa Kihindi, kavaa kurta ya kijani na raba nyeupe, kasimama mlangoni pa duka la vitambaa.

"Narekodi wabeba mizigo, dada. Wewe umejiingiza tu."

"Basi nilipe, msanii mwenyewe nimeshaingia!"

Akacheka, na Elimringi kwisha habari yake.

Binti aliitwa Shreya. Aliposikia kwamba kijana hutengeneza programu za sauti, alimpa kazi. Wateja wa mikoani wa duka la baba yake walituma oda kwa sauti, lakini kelele zilimeza maneno. Kwa miezi mitatu Elimringi aliifundisha programu kufuta kelele. Baada ya wiki chache wakawa wanatumiana sauti za mapenzi humohumo.

"Tunaijaribu tu, mpenzi," Shreya alisema.

"Tuijaribu mpaka uzeeni," alijibu Elimringi.

Jumatatu moja ikaingia sauti fupi: "Eli, baba amenitafutia kazi kwa mjomba, Nairobi. Naondoka Jumamosi."

Basi. Hakuna neno 'mpenzi', hakuna 'pole'. Elimringi aliirudia mara tisa, kisha akanuna, na alijua kununa yule! Akajibu: "Safari njema."

Upweke ukamkalia. Ofisini kwake Mchafukoge, jirani na Kariakoo, alikula chipsi peke yake, hedifoni masikioni bila kusikiliza chochote.

Mwezi wa nne tangu Shreya aondoke, mteja mwingine akalalamika kwamba programu inameza watu wanaoongea chini chini. Elimringi akafungua sauti za zamani, zile ambazo hazijasafishwa, atafute kosa. Akaikuta ile ya Jumatatu. Feni ilivuma, mama mtu akaita kutoka jikoni, na baada ya neno Jumamosi Shreya akanong'ona: "Mama yupo karibu. Sitaki kwenda, mpenzi. Niambie nibaki, nitabaki."

Programu ilidhani mnong'ono ni kelele. Elimringi alilia, kisha akapiga simu.

"Shreya, sikusikia! Programu ilikufuta."

"Programu ilinifuta mara moja, Eli. Mimi nilikuwepo dukani siku tano nzima, mtaa wa tatu kutoka kwako. Ulishindwa kuja kuniuliza?"

Elimringi akaibana simu sikioni.

"Nije Nairobi?"

"Usije. Nimeshazoea huku." Sauti yake ilikuwa laini, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Ila nashukuru umenisikia."

Mchana ule Elimringi aliirekebisha programu, isimfute tena mtu anayenong'ona. Ilipokamilika alitaka kuijaribu, akashika simu, na hakukuwa na mtu wa kumwomba amnong'oneze.