Gari Isiyokula Oili

Kama wewe ni wa kulala taa imezimwa, hii isome mchana. Nimekuonya, usije ukanitafuta.

Mulinge alikuwa na mdomo. Alijisifu mpaka mbuzi waligeuka kumwangalia. Alikuwa na pikapu moja kuukuu, ile ya kuvuta magurudumu yote manne, na pale stendi ya Mwingi hakuna dereva aliyepumzika akiwepo.

"Za kwenu zinanyonya oili kama ndama," alikuwa akiwaambia. "Yangu haili oili. Inaramba tu kidogo, halafu inasema asante."

Na ili watu waone si utani, aliacha jerikani yake ya oili ya akiba palepale stendi, akaondoka mikono mitupu. Mjinga? Ngoja.

Jioni ile safari haikuwa ya kawaida. Mama yake, Kavindu, ambaye nyumbani kwake ni mbele ya Tseikuru, alikuwa ameteleza kisimani akavunjika paja. Muuguzi wa zahanati alimfunga vibao, kisha akamvuta Mulinge kando.

"Mguu umeanza kuwa baridi," akamnong'oneza. "Mfikishe hospitali Mwingi leo. Akilala hapa, huo mguu ataupoteza. Pengine na yeye mwenyewe tumpoteze."

Kavindu alikuwa mama wa kujaza mlango. Wanaume wanne walimbeba na godoro lake, wakamweka nyuma ya pikapu wakitoa jasho. Hata na maumivu yale, hakunyamaza.

"Na mbuzi wangu?"

"Mama, tunaenda hospitali, hatuendi mnada."

"Simwachi. Fisi wa huku hawana adabu. Kama wewe tu."

Mbuzi akapandishwa. Mulinge akainama kumfunika mama yake blanketi, na harufu yake ikamjia, ileile ya tangu utotoni: moshi wa jikoni na mafuta ya mbarika aliyojipaka magotini. Akacheka, akaenda kuangalia oili.

Sasa hapa, sikiliza.

Boma la Kavindu liko kwenye mteremko, na pikapu ilikuwa imeegeshwa pua chini. Gari ikiinama hivyo, oili yote hukimbilia mbele, na kijiti cha kupimia kinakudanganya mchana kweupe. Unapima gari ikiwa mahali tambarare. Hata mtoto wa gereji anajua. Mulinge alijua. Lakini jua lilikuwa linazama, na watu walikuwa wamesimama wakimtazama. Akachomoa kijiti, akakiinua juu kama bendera.

"Mmeona? Imejaa hadi shingoni! Si niliwaambia?"

Wakaondoka.

Daraja la barabara kuu lilikuwa limebebwa na mvua, kwa hivyo akakata kona akafuata njia ya ng'ombe, ile ya kupanda kilima cha Kyangunga. Ni njia ya mawe matupu. Kushoto ukuta wa mwamba, kulia korongo. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu, mwekundu, kama makaa yanayokufa. Kutoka nyuma, kupitia dirisha lililovunjika kioo, mama yake alikuwa bado anamtania.

"Mulinge, hii ni gari ama ni punda?"

"Shikilia mbuzi wako, mama!"

Boneti ikaelekea mbinguni. Gari ikalalia matako yake. Ikapanda. Ikapanda...

Taa ya oili ikawaka.

Ndogo. Nyekundu.

Halafu sauti. Tak... tak... tak...

Hicho ni chuma kinachosaga chuma. Oili ilikuwa kidogo, na kwa mlima ule yote ilikuwa imerudi nyuma ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu inafyonza hewa tupu. Ukiendelea kidogo tu, injini inashika, inakwama kabisa, na safari imeisha. Mulinge akazima, akaruka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Akachomoa kijiti.

Kikavu. Kama mfupa.

Kurudi nyuma? Korongo. Kupiga simu? Hakuna mtandao. Chini kule fisi mmoja akalia. Mwingine akajibu.

"Mguu siusikii, mwanangu," Kavindu akasema. Safari hii hakutania.

Ndipo harufu ikaja. Mafuta yaliyoungua... lakini si ya gari. Kama nyama iliyosahaulika motoni.

"Umeishiwa," sauti ikanong'ona.

Alikuwa ameketi juu ya mwamba, miguu ameinyoosha mbele, kama mtu aliyefika mapema akasubiri. Mwanamke. Leso ilikuwa imemfunika kichwa hadi mdomoni. Ngozi yake iling'aa kwenye taa za gari, imelowa, kama mtu aliyetiwa kwenye mtungi wa mafuta akatolewa sasa hivi. Mapajani alipakata kibuyu.

Mulinge akamsogelea. "Mama, hujambo... Una oili?"

"Kibuyu ni kitupu. Nikujazie kutoka nyuma?"

"Nyuma hakuna oili. Kuna mama yangu na mbuzi."

"Najua."

"Unataka mbuzi? Mchukue."

"Sikuuliza utanipa nini," yule mwanamke akasema, polepole. "Nimeuliza kama nichukue."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Angeketi na mama yake, awashe moto, afukuze fisi kwa mawe hadi asubuhi. Lakini Mulinge aliona mguu baridi. Aliona pia madereva wa stendi wakicheka, na kwa hilo usimwondolee lawama. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Chukua unachotaka. Bora injini iwake."

Yule mwanamke akashuka mwambani. Nyayo zake zikaacha alama za unyevu kwenye vumbi. Akapita. Akaenda nyuma.

Mbuzi akalia mara moja, akanyamaza.

Koroo... koroo... koroo...

Sauti ya kitu kizito kikimiminika kwenye mdomo mwembamba wa kibuyu.

Mulinge hakuambiwa asigeuke. Hakuna aliyemkataza. Alisimama tu akiwa ameshika boneti, anaangalia korongo, na mama yake, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, alikuwa amenyamaza.

Yule mwanamke akarudi, akamimina. Oili ikaingia na mvuke, vuguvugu.

"Haitakula nyingine," akanong'ona. "Sasa inajua pa kunywea."

Mulinge akapima. Imejaa. Gari ikiwa imeangalia mbinguni, kijiti kimejaa! Alipoinua kichwa kushukuru, mwambani hapakuwa na mtu. Unyevu tu, unakauka.

Injini ikawaka laini kama cherehani. Ikapanda Kyangunga bila hata kukohoa.

"Mama! Umesikia hiyo? Punda gani huyo?"

Mbuzi ndiye aliyejibu. Meee.

Hospitalini Mulinge alikimbia kutafuta watu wanne wa kubeba. Aliporudi, alimkuta muuguzi mmoja, msichana mwembamba, anaingia mlangoni na Kavindu mikononi. Peke yake. Kama amebeba kuni.

Ngozi ilining'inia mikononi mwa mama yule kama nguo ya kuazima. Midomo imepasuka. Macho yamezama. Mbuzi alikuwa mzima kabisa, anatafuna kona ya godoro.

"Amekaa bila maji muda gani?" daktari akauliza kwa hasira. "Mwili umekauka huu!"

Mulinge akageuka kuitazama pikapu.

Mguu ulipona. Kavindu akaishi, akahamia kwa Mulinge na mkewe Wayua, akinywa maji mtungi kwa mtungi. Daktari alisema ni homa, na uzee, na joto la njiani. Labda. Mulinge alipeleka pikapu kwa fundi ili abadilishe oili. Fundi akachomoa kijiti, akasugua tone kati ya vidole. Akanusa. Akanusa tena. Akafuta mkono kwenye suruali, akafunga boneti.

"Peleka kwingine," akasema, na hakumwangalia usoni.

Mulinge akanusa mwenyewe.

Moshi wa jikoni. Mafuta ya mbarika.

Hakuiendesha tena. Ilikaa uani ikiota nyasi, na mama yake akaanza kunenepa kidogo. Akaanza hata kumtania. Mulinge akaona, aa, ilikuwa ndoto mbaya tu. Nuhu, mfanyabiashara wa ng'ombe hapo Mwingi, alipokuja kuiomba, akamuuzia haraka kabla hajabadili nia. Shetani aende na kwato zake!

Jioni moja, Wayua akatoka chumbani kwa mama mkwe, kikombe mkononi.

"Mulinge, njoo umwone mama. Asubuhi alikuwa sawa..."

Simu ya Mulinge ikalia. Nuhu.

"Bwana Mulinge! Wewe ni mwizi, ulinificha siri!" Alikuwa anacheka, injini inanguruma nyuma ya sauti yake. "Wallahi tangu niichukue sijaongeza hata tone. Kila nikipima, imejaa. Gari hii haili oili!"

"Nuhu... uko wapi?"

"Niko chini ya Kyangunga na ng'ombe wanne. Ndio naanza kupandisha."

"Zima gari! Nuhu, nakuomba, zima, nitakurudishia kila kitu!"

"Nizime kwa mlima? Na wewe ni dereva?" Akacheka zaidi. "Gari nzuri huirudishi, kaka."

Gia ikaingia. Injini ikavuta, laini kama cherehani, kisha mtandao ukakatika.

Mulinge akapiga tena; haipatikani.

Kutoka chumbani, koroo... koroo... Wayua akadhani ni mama anakunywa maji. Lakini kikombe kilikuwa bado mkononi mwake.

"Mulinge," sauti kavu ikaita, nyembamba kama jani. "Mwanangu... ameanza kupanda, sivyo?"